Umri wa Panga la Jeshi: Ushahidi Kabla ya Msasa

Katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki, nyuma ya mlango au juu ya dari, limo panga la zamani ambalo halitumiki tena kila siku. Bapa lake limekuwa jeusi kwa kutu na moshi, na mpini wake umefungwa waya. Karibu na mpini, mtu akiligeuza kwenye mwanga, huonekana alama ndogo zilizogongwa: jina la kiwanda, tarakimu nne za mwaka, na mistari mitatu mifupi inayokutana kwenye ncha moja mfano wa unyayo wa kuku. Wenye nyumba hueleza kwamba panga hilo ni la babu, naye alilipata jeshini. Wajukuu husikiliza, huitazama ile kutu, na mara nyingi mmoja wao hutenda jambo analodhani kuwa ni la heshima: huchukua msasa akalisugua panga mpaka likang'aa.

Hapo ndipo ushahidi unapopotea. Mchana mmoja wa kusugua hufuta kilichostahimili mvua, jasho na moshi kwa miaka themanini. Hoja ya makala haya ni moja: umri wa panga la jeshi hujulikana kwa kupima ushahidi wa aina nyingi kwa pamoja, si kwa kuitazama kutu, wala si kwa kusoma mwaka uliogongwa na kuishia hapo. Kazi hiyo haihitaji maabara ya gharama. Yafaa ifanywe na shule za sekondari, tena mapema, kabla alama hazijafutika na kabla masimulizi yaliyoambatana nazo hayajasahauliwa.

Kwanza yafaa ielezwe kwa nini panga liliingia katika orodha ya zana za jeshi. Askari anayepita msituni hawezi kusonga mbele pasipo kufyeka njia, kusafisha mahali pa kulala, kukata miti ya kujengea vibanda na kufungua upeo wa macho mbele ya handaki. Majeshi ya Ulaya na Marekani, ambayo zana zake nyingi zilibuniwa kwa nchi zenye mashamba na barabara, yalilazimika kutafuta chombo kilichokuwa tayari mikononi mwa wakulima wa nchi za joto. Hivyo viwanda vilivyokuwa vikitengeneza mapanga ya mashamba ya miwa, mkonge na mipira vilipewa kazi ya kutengeneza mapanga ya jeshi. Neno lenyewe lilisafiri pia: kamusi za Kiingereza zimeliazima neno "panga" kutoka Kiswahili, na kulieleza kuwa ni kisu kipana cha kufyekea cha Afrika Mashariki.

Askari wa Afrika Mashariki walikuwa miongoni mwa waliohitaji zana za namna hiyo. Vikosi vya King's African Rifles, ambavyo wananchi waliviita Keya, vilipelekwa Madagaska mwaka 1942. Mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipigana Burma, nchi ambayo siku hizi inaitwa Myanmar. Divisheni hiyo iliteremka katika bonde la Kabaw wakati wa masika makali, ikafika Kalewa, na mwezi Desemba mwaka huo ikavuka mto Chindwin. Katika miaka ya mwanzo ya 1950 baadhi ya vikosi vya Keya vilipelekwa tena katika misitu ya Malaya. Si ajabu basi kwamba mapanga yenye chapa za serikali ya Uingereza yanapatikana vijijini mpaka leo.

Lakini kusema kwamba jambo si la ajabu si kuthibitisha kwamba limetokea. Chukua mfano. Mjukuu anasimulia kwamba panga lililo nyumbani babu yake alikwenda nalo Madagaska. Mwanafunzi wa kidato cha tatu analitazama panga lenyewe na kukuta limegongwa mwaka 1944. Vita ya Madagaska ilikwisha mwaka 1942. Mwanafunzi anatangaza kwa furaha kwamba babu alidanganya. Mjukuu anakasirika na kusema kwamba vitabu havijui alichokijua babu. Nani kati yao ana haki?

Kwa kweli wote wawili wamekosea, na makosa yao ni mazito kuliko yanavyoonekana. Mwaka uliogongwa juu ya bapa, ikiwa ni wa kweli, unaeleza jambo moja tu: panga hilo halikuwapo kabla ya mwaka huo. Wanaochunguza mambo ya kale huuita mwaka wa namna hiyo kikomo cha chini, yaani wakati ambao kitu hakiwezi kuwa cha kabla yake. Panga la 1944, kwa hiyo, halikwenda Madagaska mwaka 1942. Hilo halina mjadala. Lakini kinachokanushwa ni safari ya panga, si safari ya mtu. Yamkini babu alikwenda Madagaska na panga jingine, akapewa hili baadaye. Yamkini alisimulia habari za Madagaska huku akilinoa panga hili, na watoto waliomsikiliza wakaviunganisha vitu viwili vilivyokuwa mbele yao. Kumbukumbu ya binadamu mara nyingi huunganisha hivyo bila nia ya kudanganya.

Kinyume chake nacho ni kweli. Kama panga lingegongwa 1942, hilo lisingethibitisha kwamba lilifika Madagaska. Zana za jeshi hukaa ghalani miaka mingi kabla ya kugawiwa, na baada ya vita huuzwa kwa raia. Katika mpango wa karanga uliofanywa na serikali ya Uingereza huko Kongwa na mahali pengine Tanganyika baada ya mwaka 1946, mabaki ya zana za vita yalitumika kufyeka pori, na hata vifaru vya aina ya Sherman viligeuzwa kuwa matrekta. Ikiwa kifaru kiliweza kuacha vita na kuingia shambani, je, panga? Mtu aliyelinunua panga la jeshi mnadani hakuhitaji kuwa askari. Chapa huonyesha mahali kitu kilipoanzia, wala haionyeshi njia yote kilichopita.

Baada ya kuielewa kanuni hiyo, mchunguzi anaweza kuzisoma chapa zenyewe kwa faida. Ile alama ya mistari mitatu ni mshale wa serikali ya Uingereza. Imetumika kwa karne nyingi kuonyesha mali ya serikali, na sheria ya mwaka 1875 iliyohusu mali ya serikali iliitaja miongoni mwa alama ambazo raia hakuruhusiwa kuzitumia bila idhini. Mshale peke yake basi husema "mali ya serikali", wala hausemi mwaka. Nchi zilizokuwa chini ya taji la Uingereza zilikuwa na namna zao: mshale uliowekwa ndani ya herufi C ni wa Kanada, ulio ndani ya herufi U ni wa Afrika Kusini, na ulio kati ya herufi mbili za D ni wa Australia. Iwapo mishale miwili imegongwa ikielekeana ncha kwa ncha, maana yake ni kwamba kitu kimetolewa katika mali ya serikali na kuuzwa. Alama hiyo ya mwisho ina thamani kubwa kwa mchunguzi. Panga lenye mishale inayoelekeana lilipita mikononi mwa muuzaji, hata kama wenye nyumba hawakumbuki mnada wowote.

Kisha lipo jina la kiwanda. Kampuni ya Martindale ya Birmingham, Uingereza, ilijulikana sana Afrika kwa mapanga yenye chapa ya mamba, na wakulima wengi waliagiza "panga la mamba" pasipo kulijua jina la kampuni. Kampuni hiyohiyo ilitengenezea jeshi. Kwa hiyo jina la Martindale peke yake halithibitishi kwamba panga ni la jeshi. Panga la dukani lina jina na mamba, na panga la jeshi hutarajiwa kuwa na mshale, aghalabu pamoja na mwaka. Mtu anayeona jina la kiwanda cha Uingereza na kutangaza mara moja kwamba ameona silaha ya Burma ameruka hatua moja ya hoja.

Mfano wa Marekani unafundisha hadhari ya aina nyingine. Kampuni ya Collins, iliyoanzishwa mwaka 1826 katika jimbo la Connecticut, iliuza mashoka na mapanga katika nchi nyingi, hasa za Amerika ya Kusini na ya Kati. Waigaji walikuwa wengi hata kampuni ikagonga juu ya bidhaa zake neno la Kilatini "Legitimus", maana yake halali. Katika Vita ya Pili ya Dunia ilitengeneza mapanga ya jeshi la Marekani yenye bapa la urefu wa sentimita 46 hivi, na mengi yana mwaka uliogongwa. Kiwanda cha Connecticut kilifungwa mwaka 1966, lakini jina la Collins liliendelea kugongwa juu ya mapanga yaliyotengenezwa katika nchi za Amerika ya Kusini na ya Kati. Jina lilibaki baada ya kiwanda kufa. Mchunguzi asiyelijua hilo ataona jina, atakumbuka vita, na atakosea kwa miaka ishirini au zaidi.

Mapanga ya Marekani ya miaka ya baadaye yana msaada mwingine: namba ya bohari. Mpaka mwaka 1974 namba hiyo ilikuwa na tarakimu 11. Tangu mwishoni mwa Septemba mwaka huo tarakimu mbili za kuonyesha nchi zilipachikwa katikati, zikawa 13. Tarakimu nne za mwanzo hutaja aina ya kitu, na kwa zana za mkono zenye makali ni 5110. Panga au ala ya Marekani yenye namba ya tarakimu 13 basi si ya vita vya miaka ya 1940, hata kama muuzaji ataapa. Kuhesabu tarakimu ni kazi ya mtoto wa shule ya msingi, lakini huweza kuumaliza ubishi wa watu wazima.

Baada ya chapa huja vitu vilivyolitengeneza panga. Kila kitu kilichobuniwa kina tarehe yake ya kuzaliwa, na hakuna kinachoweza kutumika kabla ya kuzaliwa. Mipini ya plastiki ngumu nyeusi au ya kahawia mara nyingi ni ya jamii ya bakelaiti, ambayo Leo Baekeland aliivumbua mwaka 1907. Chuma kisichoshika kutu kilianza kutengenezwa Sheffield na Harry Brearley mwaka 1913. Skrubu zenye mfuo wa msalaba kichwani zilienea viwandani kuanzia nusu ya pili ya miaka ya 1930. Panga linalodaiwa kuwa la Vita ya Kwanza ya Dunia, ya 1914 hadi 1918, na ambalo mpini wake umekazwa kwa skrubu za msalaba, lina jambo la kujibu.

Hata hivyo, jibu laweza kuwa jepesi: mpini ulibadilishwa. Mpini wa panga huvunjika mara nyingi kuliko bapa, na fundi wa kijijini hauulizi mwaka wa ribiti anazotumia. Kwa sababu hiyo panga moja laweza kuwa na umri wa namna tatu: umri wa bapa, umri wa mpini na umri wa ala. Hapana budi kila sehemu ichunguzwe peke yake. Dalili za mpini uliobadilishwa si ngumu kuziona. Tundu za msuka, ile sehemu ya chuma inayoingia kwenye mpini, huwa zimepanuliwa au hazilingani na ribiti. Pengine mbao huwa na michirizi ya mti wa kwetu, au mpini huwa haukulifuata umbo la msuka. Mpini wa mninga ulioshikwa kwa misumari iliyopigwa vichwa haupunguzi thamani ya panga la Birmingham. Unaongeza sura ya pili katika historia yake, kwa kuwa unaonyesha kwamba panga lilifanya kazi shambani baada ya jeshi kumalizana nalo.

Mwanafunzi wa sayansi aliyesikia habari za kupima umri kwa kaboni-14 anaweza kuuliza: kwa nini panga lisipelekwe maabara likapimwa? Swali hilo ni zuri, na jibu lake linafundisha zaidi kuliko kipimo chenyewe. Viumbe vyote vilivyo hai huchukua kaboni-14 kutoka hewani, moja kwa moja au kupitia chakula. Kiumbe kikifa, kaboni hiyo huanza kupungua, ikibaki nusu kila baada ya miaka 5,730 hivi. Chuma cha pua nacho kina kaboni, ndiyo inayokipa ugumu, lakini kaboni hiyo hutoka katika kuni za tanuri. Katika viwanda vya Uingereza vya karne ya 20 tanuri zilitumia makaa ya mawe, yaani mabaki ya mimea iliyokufa mamilioni ya miaka iliyopita, na ambayo kaboni-14 yake imekwisha kabisa. Panga la mwaka 1944 likipimwa kwa njia hiyo litatoa jibu la makumi ya maelfu ya miaka. Chombo hakitakuwa kimeharibika. Kitakuwa kimejibu swali la umri wa kuni, hali mwulizaji alitaka umri wa panga.

Linganisha na chuma cha Buhaya, magharibi ya Ziwa Viktoria. Wahunzi wa huko walitumia makaa ya miti iliyokuwa imekatwa karibuni, na kwa hiyo makaa yaliyobaki katika tanuri zao yaliweza kupimwa. Uchunguzi wa Peter Schmidt na Donald Avery, uliotangazwa mwaka 1978, ulionyesha kwamba ufuaji wa chuma katika sehemu hizo ulikuwako tangu kiasi cha miaka 1,500 hadi 2,000 iliyopita. Kipimo kinachoshindwa mbele ya panga la kiwanda cha juzi kinafaulu mbele ya tanuri la kale la Kagera. Funzo ni kwamba kipimo hakiwi bora kwa ugeni wake wala kwa bei yake, bali kwa kuafikiana na kitu kinachopimwa.

Mpini wa mti ni habari nyingine, maana mti ulikuwa hai. Majaribio ya mabomu ya nyuklia hewani katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960 yaliongeza kaboni-14 ya angani kwa wingi, hata katika nusu ya kaskazini ya dunia ikakaribia kuwa mara mbili. Mbao yenye ziada hiyo ilikuwa bado inakua baada ya majaribio kuanza. Mpini wenye ziada hiyo si wa mwaka 1944, hata kama bapa ni la mwaka huo. Hapa maabara ingeweza kusaidia. Lakini kwa panga la kawaida jicho na kioo cha kukuzia vitamaliza kazi kwa gharama ndogo zaidi.

Ipo imani moja inayopasa kukanushwa waziwazi, nayo ni kwamba kutu ni saa. Watu husema, "Tazama lilivyoliwa, hili ni la zamani sana." Kutu hutegemea unyevu, chumvi, joto na matunzo. Panga lililoachwa nje kwa miaka mitano karibu na bahari, Mtwara au Mombasa, laweza kuliwa zaidi ya panga lililokaa miaka hamsini juu ya dari kavu la Dodoma, likipakwa masizi na mafuta ya moshi wa jikoni. Wauzaji wa vitu vya kale wenye hila wanalijua hilo vizuri: chumvi, maji na wiki chache vinatosha kulizeesha panga jipya.

Wenye hila hugonga pia chapa za uongo, kwa kuwa mshale na mwaka wa vita huongeza bei. Lakini chapa ya uongo mara nyingi hujitaja. Kiwandani chapa kwa kawaida huwekwa kabla chuma hakijakazwa kwa moto, nayo ikazeeka pamoja na bapa: kutu iliyo ndani ya herufi ni sawa na iliyo nje yake, na mashimo ya kutu huzikata herufi. Chapa iliyogongwa juzi hufanya kinyume, maana herufi hupita juu ya mashimo ya kutu. Kingo zake ni kali mno kwa bapa lililochakaa, na pengine ndani ya mfuo mna mng'ao. Swali la kujiuliza ni rahisi: kipi kilitangulia, chapa au kutu? Mwanafunzi anayeweza kulijibu amekwisha kufikiri kama mtu wa jiolojia anayesoma tabaka za miamba.

Sasa ubaya wa msasa waonekana wazi. Msasa huondoa kutu iliyo ndani ya herufi, hulainisha kingo zake, na hufuta ule mfuatano wa chapa na kutu ambao ndio shahidi wa ukweli. Tupa na jiwe la mashine ni vibaya zaidi, kwa maana hubadili hata umbo la bapa. Panga lililong'arishwa kwa mapenzi hufanana na panga la mdanganyifu, na hakuna awezaye kulitetea. Familia iliyotaka kumheshimu babu imemnyang'anya shahidi wake.

Kazi inayopendekezwa kwa shule ni ya kiasi. Panga lisiletwe darasani na mwanafunzi. Mwalimu alifuate nyumbani kwa idhini ya wenyewe, makali yakiwa yamefungwa kwa kitambaa kinene. Vumbi liondolewe kwa kitambaa kikavu au burashi laini tu. Tochi ishikwe ubavuni mwa bapa, si juu yake, ili vivuli vizionyeshe herufi zilizofifia. Karatasi nyembamba iwekwe juu ya chapa na kupakwa penseli kwa ubavu, ili nakala ya alama ibaki hata panga likipotea. Urefu, upana, unene na uzito vipimwe, pande zote mbili zichorwe au zipigwe picha, na mwisho mafuta mepesi yapakwe ili kutu isiendelee.

Daftari ligawanywe sehemu tatu. Ya kwanza iandikwe kilichoonekana: "Mwaka 1944; mshale mmoja; ribiti tatu, moja si sawa na nyingine." Ya pili iandikwe kilichosemwa, pamoja na jina la aliyesema, namna alivyojua na tarehe aliyoulizwa: "Mjukuu asema babu alikwenda nalo Madagaska, alisikia kwa baba yake." Ya tatu iandikwe kinachofikiriwa, pamoja na sababu: "Bapa halikuwapo mwaka 1942, huenda babu alikuwa na panga jingine, yafaa kuulizwa kama alipigana tena baadaye." Sehemu hizo tatu zisichanganywe kamwe. Ugomvi wa mwanafunzi na mjukuu ulitokana na kuchanganya kilichoonekana na kinachofikiriwa. Wangeliandika hivyo, wangeligundua kwamba hawakuwa na ugomvi, bali swali walilopaswa kulitafuta pamoja. Pengine swali hilo lingewafikisha Burma.

Wako watakaosema kwamba mitaala imejaa, mitihani iko karibu, na panga ni chuma tu. Hoja hiyo ina uzito, kwa maana mwalimu hana saa za ziada. Lakini somo hili halidai kipindi kipya. Kaboni-14 imo katika fizikia, kutu imo katika kemia, Vita ya Pili ya Dunia imo katika historia, na mantiki ya ushahidi imo katika masomo yote. Linalokosekana ni kitu kimoja cha kuyaunganisha, na kitu hicho kinaning'inia nyuma ya mlango.

Wako pia watakaosema kwamba mapanga haya ni mabaki ya vita vya mabwana, na kwamba taifa huru lina mambo bora ya kuhifadhi. Ni kweli kwamba vita ile haikuanzishwa na Waafrika, na wengi waliopelekwa hawakuulizwa maoni. Lakini hiyo ndiyo sababu ya kuhifadhi. Hati za vita hiyo ziliandikwa na makamanda na kuwekwa London. Askari wa kawaida kutoka Songea, Machakos au Gulu aliacha maandishi machache sana. Aliacha maneno kwa wanawe, na mara nyingine chuma chenye alama. Maneno yakisimama peke yake huambiwa ni hadithi, na chuma kikisimama peke yake huambiwa ni takataka. Vikiwekwa pamoja, kila kimoja kikikisahihisha kingine, huwa historia ambayo msomi wa mahali popote hawezi kuipuuza.

Waliopigana katika vita ile wamebaki wachache mno, na habari zao ziko sasa kwa watoto na wajukuu, ambao kila mwaka huzikumbuka kwa uhakika mdogo zaidi. Mwalimu anayengoja fedha za mradi au agizo kutoka juu atachelewa. Penseli, karatasi nyembamba, rula na tochi vinatosha kuanza wiki hii, na msasa ubaki sandukuni kwa fundi seremala.